Msituuzie Taharuki kwa Elfu Tatu

Mwezi wa pili mwaka huu nilituma elfu tatu kwa M-Pesa ili nifunzwe kuandika riwaya ya kusisimua. Niseme mapema kwamba hizo pesa zilikuwa za stima na unga, kwa hivyo ukiona hasira humu ndani ujue imetoka tumboni. Darasa lilikuwa la Jumamosi moja, kwa simu, saa nne hadi saa saba. Tulikuwa watu thelathini na kitu. Mwalimu, ambaye sitamtaja na ambaye sijawahi kuona riwaya yake hata moja, alitufungulia mchoro wa mstari uliopinda kama mlima Longonot, akatuambia kila riwaya ya taharuki duniani ina vituo kumi na vitano. Kufikia ukurasa wa kumi mtu awe ashakufa. Katikati ya kitabu mambo yageuke. Na kila sura, bila kukosa, iishe kwa kishindo: simu ilie, taa izime, mlango ugongwe.

Nikaandika swali pale pembeni: na kama anayegonga ni jirani anaomba chumvi?

Sikujibiwa. Nafikiri alidhani namchezea. Lakini sikuwa nacheza, na hilo swali la chumvi limenikaa kichwani tangu siku hiyo, kwa sababu kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba wale wanaotuuzia kanuni za taharuki hawajui taharuki ni nini. Na si wao peke yao. Shule haijui. Chuo hakijui, au kinajua na kinaona haya. Wachapishaji wetu wanajua lakini hesabu zao haziwaruhusu. Sisi vijana tunaoandikia watu kwenye simu ndio tunaolipia huo ujinga, na mimi nina risiti.

Tuanze na mlango.

Nakaa Pipeline, ghorofa ya tano, korido yenye milango kumi na miwili na bomba moja. Mlango wa mtu ukigongwa tarehe ishirini na nane, hakuna anayeinua kichwa. Ni mtoto ametumwa kiberiti, ni yule wa maji, ni mtu amekosea nyumba. Sasa ngoja tarehe sita. Kodi hapa mwisho ni tarehe tano. Tarehe sita jioni keateka akianza kupanda ngazi unasikia korido nzima ikinyamaza. Televisheni zinapunguzwa sauti. Sufuria zinaacha kugongana. Kuna mtoto wa mlango wa tatu, ana miaka minne hivi, ashafunzwa kusema mama ametoka, na mama yuko pale nyuma ya pazia akiwa ameshika viatu mkononi ili visitoe sauti.

Mkono ni ule ule na mlango ni ule ule. Tofauti iko wapi? Iko kwenye tarehe. Sisi tunaosikia tunajua kitu kuhusu aliye ndani, na kitu kuhusu aliye nje, na tunajua kwamba hawa wawili karibu watakutana. Hiyo ndiyo taharuki. Kugonga kwenyewe ni sauti ya mbao tu.

Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu, alilieleza jambo hili mwaka 1962 akihojiwa na mwenzake Mfaransa François Truffaut, na mfano wake umesimuliwa mara nyingi mpaka umechakaa, lakini bado hakuna mzuri kuushinda. Watu wamekaa mezani wanapiga stori za kawaida. Chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde chache, yaishe. Kama anajua, na anaona saa ukutani, yale mazungumzo ya kipuzi yatamtoa jasho kwa dakika kumi na tano nzima. Kumbe siri ya kazi hii haiko katika kuficha. Iko katika kumwambia msomaji mapema, halafu kumwacha na hilo jambo aliloambiwa.

Mwalimu wa Jumamosi alitufunza mshtuko, akauita taharuki, akachukua elfu tatu.

Lakini nisimlaumu sana, maana naye alisoma shule hizi hizi. Wewe kama ulifanya KCSE unakumbuka. Taharuki ilikuwa kwenye orodha ya mbinu, katikati ya sadfa na kinaya, na ulitakiwa kuitaja na kuieleza kwa alama mbili. Hali ya kumfanya msomaji atamani kujua kitakachofuata. Tulikariri hivyo. Hakuna aliyetuuliza inatengenezwaje. Ni kama kumfunza mtu kupika kwa kumwambia chakula ni hali ya kuondoa njaa. Na cha ajabu, kitabu ambacho kizazi kizima cha Wakenya kilikipenda darasani, Siku Njema ya Ken Walibora cha mwaka 1996, kimesimama juu ya swali moja tu la taharuki: huyu kijana atampata baba yake au hatampata? Watu walikisoma chini ya dawati wakati wa somo la hesabu kwa sababu ya hilo swali. Walimu wakatupa maswali kuhusu maudhui.

Chuo ndiko nilikokutana na dharau yenyewe, ikiwa imevaa suti. Sikumaliza, karo ilinishinda mwaka wa pili, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini nilikaa vya kutosha kusikia mhadhiri mmoja akigawa riwaya za Kiswahili mafungu mawili ubaoni, dhati upande huu na pendwa upande ule, halafu akafuta ule upande wa pendwa kwa kiganja na kusema huko hatutaenda. Riwaya pendwa. Yaani zile zinazopendwa. Mimi nilikaa pale nikajiuliza ni kazi gani nyingine duniani ambapo kupendwa ni ushahidi wa hatia.

Sasa tuangalie historia, maana inawaumbua. Mwaka 1957 na 1958 East African Literature Bureau iliendesha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili. Aliyeshika nafasi ya kwanza ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mtu aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, na kitabu chake kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi. Kuna maiti, kuna Bwana Msa na kiko chake, kuna rafiki yake Najum anayemfuata nyuma akishangaa. Abdulla hakuficha kwamba jicho lake lilikuwa kwa Sherlock Holmes, lakini maiti aliiweka kwenye mzimu, mahali ambapo watu wa kwao walikuwa na sababu zao za kupaogopa. Aliendelea na Bwana Msa kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Kwa hivyo mtu akikuambia upelelezi ni uchafu uliovamia fasihi ya Kiswahili kutoka mitaani, mwambie ulikuwepo sebuleni tangu mwanzo, tena ulikuwa umepewa zawadi.

Baada yake wakaja wengine. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, 1965. Elvis Musiba na Kufa na Kupona, 1974, ambapo Willy Gamba alizaliwa. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Hawa watu walisomwa kwenye mabasi, kambini, hospitalini, magerezani. Nakala ziliazimwa mpaka zikapoteza jalada, halafu kurasa za mwisho, na ukipata moja leo kwa wale wanaouza vitabu kando ya barabara hapa Nairobi, mara nyingi utasoma hadi karibu na mwisho halafu ujitungie mwenyewe. Mimi Kikosi cha Kisasi nilikinunua shilingi mia moja, na hiyo mia moja imenifunza kuliko ile elfu tatu.

Nieleze nilichojifunza, kwa sababu ndicho kiini cha ugomvi wangu.

Ukimsoma Musiba leo haraka haraka, utacheka. Willy Gamba ni mrembo mno, anapiga watu mno, wasichana wanamwangukia bila sababu. Sikatai. Kuna kurasa nilizisoma huku nimefunika uso. Lakini mweke mahali pake. Dar es Salaam ya miaka hiyo ndiko Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Namibia walikuwa wanapita mitaani, wanakunywa chai mahali watu wanakunywa chai. Na tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilichotumwa kwa posta hapo hapo Dar es Salaam. Ndani kulikuwa na kitabu. Kitabu kilikuwa bomu. Akafa.

Miaka mitano tu baadaye Musiba anatoa hadithi ya jasusi wa Kitanzania anayepambana na mawakala wa makaburu. Hebu fikiria wewe ni karani wa Dar, mwaka 1974, umeketi na hicho kitabu. Mtu aseme ana bahasha, mtu aseme kuna nyaraka zimepotea, wewe mgongo unakufa ganzi. Si kwa sababu Musiba ameweka kituo cha tano mahali pa kituo cha tano. Ni kwa sababu unajua kilichompata Mondlane. Tarehe yako ya kodi ni hiyo. Mwandishi alichukua hofu iliyokuwa tayari mtaani akaifungulia mlango. Akampeleka Willy Gamba hadi Kinshasa na hofu ikamfuata huko, kwa sababu haikuwa ya kitabu. Ilikuwa ya watu.

Ndiyo maana nakasirika nikiona kijana wa Githurai anaandika hadithi ya taharuki yenye mpelelezi wa koti refu, mvua ya usiku, na muuaji anayeacha ua jeusi kwa kila maiti. Ndugu yangu, ua jeusi la nini? Wewe unakaa mji ambapo mtu anaweza kuamka asubuhi akute simu yake imekopa pesa ambazo hakukopa. Mji ambapo jamaa anatoka nyumbani na shati lake jeupe kwenda mahojiano ya kazi ng'ambo, kazi ambayo ajenti ameshalipwa laki moja na nusu, na mama yake ndiye aliuza ng'ombe. Sisi wasomaji tunajua kuhusu hao maajenti. Yeye bado. Mfuate tu kwenye ngazi za hiyo ofisi, mweleze jinsi anavyopangusa viatu kwa nyuma ya suruali. Mtu hatahitaji kufa kufikia ukurasa wa kumi.

Watasema, sawa, lakini kanuni zinasaidia anayeanza. Msuko lazima upangwe. (Msuko wengine wanauita ploti, neno ambalo kwangu mimi lina maana ya vyumba kumi na viwili na bomba moja, na sidhani hizo maana mbili ziko mbali.) Basi tumsikilize mtu ambaye kweli aliishi kwa kazi hii na akaandika kitabu cha ushauri akiwa ameshaandika riwaya zake, si kabla.

Patricia Highsmith, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1921, ndiye aliyetoa Strangers on a Train mwaka 1950 na The Talented Mr. Ripley mwaka 1955. Alikuwa mtu mgumu, na alikuwa na chuki zake dhidi ya watu wa aina fulani ambazo siwezi kuzitetea wala sitajaribu. Alifuga konokono. Kabla ya riwaya alijilisha kwa kuandika hadithi za katuni miaka ya arobaini, na huyo huyo Hitchcock aliponunua haki ya kuigiza riwaya yake ya kwanza, alilipa takribani dola 7,500, halafu akatengeneza filamu ambayo dunia inaijua mpaka leo. Mwaka 1966 Highsmith akatoa kitabu chembamba, Plotting and Writing Suspense Fiction. Nilikisoma kwenye simu, usiku mmoja, kwa bando la shilingi hamsini.

Unajua kitu cha kwanza anachofanya? Anakataa kukuahidi. Anasema wazi kwamba hakuna njia ya kumweleza mtu jinsi ya kuandika kitabu kitakachofaulu. Halafu anaanza kukuonyesha vitabu vyake vilivyokataliwa. Kimoja, The Two Faces of January, mchapishaji wake wa Marekani alikirudisha, akakiandika upya, na kilipotoka hatimaye mwaka 1964 waandishi wa riwaya za uhalifu wa Uingereza wakakipa tuzo. Kingine, The Glass Cell, kilitokana na barua ya mfungwa aliyesoma riwaya yake moja akiwa jela. Yeye akaanza kuuliza: siku ya mtu huyu jela inakuwaje? Akila nini? Akitoka je? Na hicho pia kilikataliwa kwanza. Hafichi alivyokosea. Mwalimu wangu wa Jumamosi hakutaja kosa lake hata moja kwa saa tatu.

Na Ripley alitoka wapi? Mwaka 1952 Highsmith alikuwa Positano, Italia. Asubuhi na mapema alisimama kwenye roshani ya hoteli akaona kijana anatembea peke yake ufuoni, taulo begani, amezama kwenye mawazo. Basi. Hakuongea naye, na hakuna maiti iliyookotwa. Akajiuliza tu huyu anafanya nini hapa saa hizi, peke yake. Miaka miwili baadaye akakaa chini kumwandika. Ukijaribu kuiweka hiyo kwenye mstari wa Longonot utakuta haina kituo, kwa sababu kila kitu kilianza na swali kuhusu mtu. Njama zilimfuata huyo mtu, alivyokuwa na tamaa na aibu zake, kama vile deni linavyomfuata aliyekopa.

Hata huku kwetu mtu aliyeandika kitabu cha uhalifu kilichosomwa kuliko vingi, John Kiriamiti, My Life in Crime kilichotoka mwaka 1984, alikiandika akiwa gerezani akitumikia kifungo cha wizi wa mabavu. Sisemi mwende mkaibe benki. Nasema hakuhitaji kuambiwa hofu ya kufukuzwa inaanzia wapi mwilini. Wewe hukuiba, lakini umewahi kupanda matatu ukijua nauli haitoshi, na makanga bado yuko siti mbili mbele yako. Anza hapo.

Sasa nifike kwenye risiti yangu.

Mwezi huo wa pili nilikuwa na hadithi niliyokuwa nauza kwa WhatsApp, sehemu moja kila Ijumaa, shilingi ishirini. Watu wa Tanzania wamefanya hivi miaka mingi, kwanza magazetini, ambako Eric Shigongo alijenga jina kwa hadithi za kuendelea, kisha kwenye simu. Yangu ilimhusu dereva wa boda aliyeachiwa mkoba na abiria ambaye hakurudi. Wasomaji wanaolipa walikuwa mia moja na arobaini. Piga hesabu: elfu mbili mia nane kwa wiki. Kodi yangu elfu sita. Nilikuwa sijatajirika, ila tarehe sita nilikuwa naacha televisheni ikiongea kwa sauti. Nilienda lile darasa kwa sababu nilitaka wafike mia tano.

Basi nikatoka darasani nikiwa na vituo vyangu kumi na vitano, nikaangalia hadithi yangu, nikaona imelala. Hakuna aliyekufa! Sehemu ya tisa nikampiga dereva wangu risasi pale Mutindwa, mchana, mbele ya watu, nikaandika ITAENDELEA kwa herufi kubwa. Usiku ule simu haikunyamaza. Watu wanalia, watu wananitukana, mmoja alinitumia hamsini badala ya ishirini ili nimwambie mapema kama amekufa kweli. Nilijiona mfalme. Ijumaa iliyofuata, kwa kuwa nilikuwa sina njia nyingine na yule dereva nilikuwa namhitaji, nikaandika kwamba ilikuwa ndoto.

Kati ya wale mia moja na arobaini walibaki sitini na mmoja.

Kuna msomaji wangu ambaye ni soja wa usiku kwenye bohari moja Industrial Area, mzee wa makamo, hatujawahi kuonana. Alinitumia sauti. Hakupandisha hasira. Akasema, "Kijana, hiyo ishirini ni ya chai yangu ya saa nane usiku. Nilikupa nikakaa bila chai. Nikamhuzunikia huyo mtoto wa watu wiki nzima. Sasa unaniambia alikuwa amelala?"

Nilisikiliza hiyo sauti mara tatu. Hakuna mhakiki wa chuo angenieleza vizuri zaidi. Ndoano ya mwisho wa sura ni deni. Msomaji amekukopesha wiki yake, na wewe umesema utalipa. Anayeandika kwa sehemu hana budi kutumia ndoano, sijidanganyi; asiyekuwa nayo halipwi. Wilkie Collins alifanya hivyo London mwaka 1868 na The Moonstone, kila wiki gazetini. Lakini ukimkopa mtu kifo ukamlipa ndoto, hiyo ni kama zile app za mikopo, na watu wetu wanazijua hizo kwa majina. Watakutoroka, na wana haki.

Kwa hivyo wale wanaouza hizi kanuni wasiseme hazina madhara. Kwangu zilitoa karibu elfu moja mia sita kwa wiki. Mwezi wa tatu, tarehe sita, mimi ndiye nilikuwa nyuma ya pazia na viatu mkononi.

Na hapa ndipo nawageukia wachapishaji, ingawa najua watasema mimi ni mtoto na sijui biashara. Mnaishi kwa vitabu vya shule, naelewa. Serikali ikinunua, mnakula, isiponunua, mnalala. Lakini mmetufikisha mahali ambapo kijana akitaka kusoma riwaya ya kusisimua ya Kiswahili iliyochapishwa Kenya, nje ya silabasi, lazima apige magoti kando ya barabara achambue rundo la mitumba ya vitabu. Mwaka 1999 Dar es Salaam Usiku ya Mtobwa ilitolewa hapa Nairobi kwa Kiingereza, Dar es Salaam by Night. Kwa Kiingereza! Kitabu kimeandikwa kwa lugha ambayo makanga na hakimu wote wanaielewa, tukakifikisha kwa wasomaji wa Kenya kupitia lugha ya mtihani. Halafu mnashangaa kwa nini tunafunzwa taharuki na mtu mwenye mchoro wa mlima.

Mkichapisha tena wale wazee, hata kwa karatasi mbaya, hata kwa simu tu, mwanafunzi wa kidato cha tatu ataona Abdulla anavyomruhusu msomaji kujua jambo moja mbele ya Najum. Ataona Mtobwa anavyokufanya uogope jiji unalolijua. Ataona pia wanapoharibu, na wanaharibu sana, na kuona mtu anaharibu ni sehemu kubwa ya kujifunza. Hiyo itamtosha kuanza.

Mimi yule dereva nilimrudisha. Niliandika sehemu moja bila malipo nikaomba radhi, nikafuta ndoto, nikafuta risasi, nikarudi pale alipokuwa kwenye sehemu ya nane: amechoka kutembea na ule mkoba, akauficha kwenye kibanda cha mama mmoja wa chapati pale stendi, chini ya meza, nyuma ya jeri ya mafuta. Mama hajui. Askari wa kaunti wamesikika wakisema kesho alfajiri wanabomoa vibanda upande ule. Hakuna aliyekufa. Watu wanakula chapati.

Wamerudi hadi themanini na tatu. Yule soja ni mmoja wao. Juzi alinitumia sauti tena, nyuma yake nasikia mbwa na lori linarudi kinyumenyume. Anauliza, "Kijana, huyo mama ameshainama kuchukua mafuta?"

Nikamjibu, "Bado, mzee."

Zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni, na leo ni Ijumaa, na sijaandika hata mstari mmoja.